Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kutoka Reli ya Uhuru hadi Migodi ya Chambishi



Wahenga wetu walituachia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tumezoea kuitamka mlangoni kwa furaha, huku tukimpokea mgeni mzigo wake. Lakini ndani ya maneno hayo machache mna sharti ambalo hatulitazami mara kwa mara: ni lazima mwenyeji apone. Mgeni akila, akalala, akaondoka, na mwenyeji akabaki na maradhi yale yale au zaidi, basi methali haijatimia.

Juma hili napenda tuifanye methali hiyo kuwa mizani ya kupimia jambo linalozungumzwa sana sokoni, vijiweni na hata nje ya kanisa baada ya Misa, yaani fedha za Wachina katika nchi zetu. Wapo wanaosema Mchina ni mkombozi wetu. Wapo wanaosema amekuja kututawala upya. Kauli zote mbili zina upungufu mmoja: zinamtazama mgeni peke yake na kumsahau mwenyeji. Historia ya zaidi ya nusu karne, tangu Dar es Salaam hadi Ukanda wa Shaba nchini Zambia, inatufundisha kwamba mgeni huyo alileta matunda tofauti kadiri ya mapatano aliyoyakuta mezani, na kadiri mwenyeji alivyoyasimamia.

Mkopo uliojenga reli

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na shaba nyingi lakini haina bandari. Sehemu kubwa ya shaba yake ilisafirishwa kwa reli kupitia Rhodesia ya Kusini hadi pwani ya Msumbiji, ambayo nayo ilikuwa mikononi mwa Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na kwa siku moja tu koo la uchumi wa Zambia likawa chini ya kiganja cha watu waliokataa utawala wa Waafrika walio wengi.

Rais Kenneth Kaunda na Mwalimu Julius Nyerere walitaka reli ya kuelekea Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kuupima mpango huo mwaka 1964 na kuona kwamba hautalipa. Mataifa ya Magharibi nayo yalisitasita. Mwalimu alipozuru Beijing mwezi Februari 1965, China ilionyesha nia ya kuijenga reli hiyo. Rais Kaunda naye alizuru huko mwezi Juni 1967, na tarehe 5 Septemba 1967 mapatano ya nchi tatu yakatiwa sahihi mjini humo.

Tusidhani kwamba mgeni yule hakuwa na haja zake. China ya wakati ule ilikuwa nchi maskini, imekosana na Marekani na pia na Urusi ya Kisovyeti, na kiti chake katika Umoja wa Mataifa kilikuwa bado kinakaliwa na serikali ya Taiwan. Ilihitaji marafiki, nayo iliwapata: mwezi Oktoba 1971 kura za nchi za Kiafrika zilisaidia kuirudishia kiti hicho, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Kuwa na haja si dhambi. Kila apishaye hodi ana shida yake.

Lakini hapa pana jambo la kutufikirisha. Mwaka ule ule wa 1967, mwezi Februari, Azimio la Arusha lilikuwa limeonya waziwazi kwamba kutegemea fedha za kigeni, ziwe misaada ama mikopo, ni kuuhatarisha uhuru wa nchi. Miezi saba baadaye serikali ya Mwalimu huyo huyo ikakubali mkopo mkubwa kupita yote iliyowahi kuifikiria. Je, alijipinga? Jibu limo katika masharti. Mkopo uliokamilishwa mwezi Julai 1970 ulikuwa wa yuani milioni 988, hauna riba, wa kulipwa kwa miaka 30 baada ya kipindi cha nafuu. Wakopeshaji hawakudai kuimiliki reli. Ilikuwa mali ya Tanzania na Zambia tangu taruma la kwanza hadi la mwisho.

Hata hivyo, mkopo huo haukuwa zawadi tupu. Gharama za ndani, kama vile mishahara ya vibarua wetu, zililipwa kwa njia ya bidhaa: Tanzania na Zambia zilichukua bidhaa za Kichina kwa mkopo, mashirika ya umma yakaziuza madukani, na fedha zilizopatikana ndizo zilizoendesha ujenzi. Wazee wetu wanakumbuka jinsi bidhaa hizo zilivyojaa madukani miaka ile. Hivyo reli iliifungulia China soko ambalo haijalipoteza hadi leo.

Kazi yenyewe ilianza mwezi Oktoba 1970. Makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia, pamoja na maelfu ya mafundi wa Kichina, walipasua misitu ya bonde la Kilombero, wakapanda milima kati ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo mahandaki na madaraja hufuatana kama shanga, wakaendelea hadi Tunduma na kuvuka mpaka. Mwezi Juni 1975 reli ilifika Kapiri Mposhi, urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 hawakurudi kwao. Makaburi yao yako hapa hapa kwetu, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Waafrika waliokufa kazini nao wapo, ingawa hawakujengewa makaburi ya kumbukumbu kama yale.

Je, mwenyeji alipona? Kwa kiasi, ndiyo. Zambia ilipata mlango mwingine wa baharini. Na jambo ambalo wapangaji hawakulitilia maanani sana, wakulima wadogo wa Kilombero na wa nyanda za juu walipata njia ya kupeleka mchele, mahindi na ndizi zao kwa treni ya abiria. Vituo vilivyokuwa pori vikawa miji midogo yenye masoko, shule na makanisa.

Lakini reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikufikia kiwango hicho hata mara moja. Vichwa vya treni viliharibika vikakosa vipuri, shehena zilikwama bandarini, Rhodesia nayo ilivunja madaraja ya mto Chambeshi mwaka 1979. Kisha njia za kusini zilipofunguka baada ya ubaguzi wa rangi kukoma Afrika Kusini mwaka 1994, wachimba shaba wakahamishia shehena zao huko na kwenye malori. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 reli ilibeba chini ya tani 100,000. Wafanyakazi wakakaa miezi bila mishahara. Hatuwezi kuitupia China lawama hiyo. Mkopo ulikuwa mpole, lakini matunzo yalikuwa juu yetu.

Kutoka msaada hadi hisa

Katika miaka ya 1990 hali ya dunia ilibadilika, na mgeni naye akabadilika. China ya Deng Xiaoping ilikuwa imeingia katika biashara, nayo iliacha kuwa mjenzi wa kirafiki tu na kuwa mbia atazamiaye faida. Mfano wa karibu ni kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kilikuwa mali ya umma kwa takriban miaka 30. Kilipochoka, kiligeuzwa kuwa ubia: Wachina asilimia 51 ya hisa, serikali ya Tanzania asilimia 49. Jina lilibaki "Urafiki", ila kauli ya mwisho ilihamia upande wa pili wa meza. Mabadiliko hayo madogo ya hesabu ndiyo ufunguo wa kuelewa yaliyofuata huko ambako reli ile inaelekea, yaani katika migodi ya Zambia.

Chambishi

Zambia ilitaifisha sehemu kubwa ya migodi yake ya shaba kuanzia mwaka 1969. Mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka, na madeni yakaanza kurundikana. Migodi haikufanyiwa matengenezo. Uzalishaji uliokuwa umefikia takriban tani 700,000 kwa mwaka ulishuka hadi chini ya tani 300,000 mwishoni mwa karne. Wafadhili walishurutisha ubinafsishaji, na Zambia ikauza migodi yake wakati bei iko chini kabisa, kama mtu auzaye shamba akiwa na mgonjwa ndani. Mapatano yaliyotiwa sahihi na wanunuzi yaliwapa mrabaha wa asilimia 0.6 tu. Na tukumbuke vema: wanunuzi wengi walitoka Kanada, Uswisi, India na Afrika Kusini. Masharti hayo mepesi hayakubuniwa na Wachina. Waliyakuta.

Mwaka 1998 kampuni ya madini ya serikali ya China ilinunua asilimia 85 ya mgodi wa Chambishi kwa dola milioni 20. Mgodi huo ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1987. Ulifufuliwa, na uzalishaji ukaanza tena mwaka 2003. Kwa watu waliokuwa wamekaa miaka 16 bila kazi, ufufuo huo haukuwa jambo dogo.

Lakini ajira ilikuja kwa sura nyingine. Wengi waliajiriwa kwa mikataba ya muda mfupi au kupitia makandarasi, kwa ujira mdogo kuliko uliolipwa katika migodi ya jirani. Tarehe 20 Aprili 2005 kiwanda cha baruti kilichokuwa katika eneo la mgodi huo kililipuka na kuua Wazambia zaidi ya 40, wengi wao vijana. Mwezi Julai 2006 wafanyakazi waliandamana kudai ujira wao, risasi zikafyatuliwa, baadhi yao wakajeruhiwa. Mwaka huo huo Michael Sata aligombea urais akiwashambulia wawekezaji wa Kichina kwa maneno makali. Alishindwa, lakini Ukanda wa Shaba ulimsikiliza. Rais Hu Jintao alipozuru Zambia mwezi Februari 2007, safari yake ya kwenda Chambishi ilifutwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo wengi wetu tungependa kuifunga hadithi: mgeni ni mbaya, basi. Historia hairuhusu. Mwishoni mwa mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka tena duniani. Wawekezaji wengine walipunguza maelfu ya wafanyakazi, na wamiliki wa mgodi wa Luanshya waliufunga na kuondoka. Chambishi haikupunguza watu wake. Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ya China ikauchukua mgodi wa Luanshya na kuufungua upya. Sababu si siri: kampuni ya dola haikuwa inatazama faida ya mwaka mmoja tu. Ilitaka shaba kwa muda mrefu, na ilitaka pia jina jema mbele ya serikali ya Zambia. Mishahara ya chini na ajira isiyokatika vilitoka katika mfuko mmoja.

Wala Mchina si mmoja. Mwezi Oktoba 2010, katika mgodi wa makaa ya mawe huko Sinazongwe, kusini mwa Zambia, wasimamizi wawili waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa wakilalamikia ujira na kuwajeruhi zaidi ya 10. Mwaka 2012 msimamizi mmoja Mchina aliuawa hapo hapo katika fujo za kudai mshahara, na mwaka 2013 serikali ikaufutia mgodi huo leseni. Huo ulikuwa mgodi wa watu binafsi. Kuuchanganya na kampuni ya dola ya Chambishi ni sawa na kumhukumu kila mwana wa ukoo kwa kosa la mmoja. Na tusipite haraka juu ya yule aliyeuawa: naye alikuwa mwana wa mama fulani, mbali na kwao.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni mwenyeji alipoamka. Mwaka 2008 serikali ya Rais Mwanawasa ilivunja mapatano ya zamani na kupandisha mrabaha hadi asilimia 3. Mwaka 2012 ukafika asilimia 6. Sata alishinda urais mwezi Septemba 2011, naye, licha ya maneno yake ya awali, aliwakaribisha Wachina Ikulu na kuwataka wafuate sheria za nchi. Wachina hawakukimbia, kwa kuwa shaba ilikuwa bado ardhini.

Deni na mto

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yanatuzuia kujipongeza. La kwanza ni deni. Zambia ilikopa kwa ajili ya barabara, viwanja vya ndege na umeme, kutoka China na pia katika masoko ya Ulaya kwa riba kubwa. Mwezi Novemba 2020 ilishindwa kulipa. Mwezi Juni 2023 mataifa yanayoidai yalikubali kupanga upya dola bilioni 6.3, ambazo takriban bilioni 4.1 zilikuwa za China. Mkopo wa reli ulikuwa hauna riba na masharti yake yalijulikana. Mingi ya mikopo hii mipya ilifungwa kwa vifungu vya siri, raia wasijue wanadaiwa nini.

La pili ni maji. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la taka za mgodi ulibomoka huko Chambishi, katika kiwanda cha kampuni tanzu ya ile kampuni ya dola. Tope lenye tindikali liliingia katika vijito na kufika Mto Kafue, ambao mamilioni ya Wazambia huutegemea. Samaki walielea wakiwa wamekufa, mazao ya kando ya mto yakakauka, na jiji la Kitwe likakatiwa maji. Mkulima aliyepoteza mahindi yake hakuwa na hisa katika mgodi, wala sahihi yake haimo katika mkataba wowote.

Mizani ya mwenyeji

Tarehe 26 Machi 1967, mwaka ule ule wa mapatano ya reli, Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa waraka wake juu ya Maendeleo ya Watu. Humo alifundisha kwamba watoao mikopo na wapokeao wakae pamoja kama washiriki. Riba na muda wa kulipa vipimwe ili deni lisimeze matunda ya kazi ya maskini. Na mtoaji naye ana haki ya kuhakikishiwa kwamba fedha zake hazitapotea kwa uzembe au ubadhirifu. Yeyote anayeusoma waraka huo leo ataona kwamba unawahusu wote wawili, mgeni na mwenyeji.

Mwenyeji hana budi kujua kupima. Kule Lusaka, Kituo cha Wajesuiti cha Tafakari ya Kiteolojia kimefanya kazi ya unyenyekevu kwa miaka mingi: kila mwezi huhesabu bei ya unga, dagaa, mboga, mkaa na kodi ya nyumba kwa familia moja, kisha huchapisha jumla yake. Vyama vya wafanyakazi huichukua hesabu hiyo hadi kwenye meza ya mapatano. Huko ndiko kumpima mwekezaji kwa haki, wa Beijing au wa London: je, ujira wake unaifikia sufuria ya mfanyakazi?

Nasi tunayo sababu ya kujifunza kupima. Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi hati ya maelewano ya kuifufua Reli ya Uhuru, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola bilioni 1.4. Safari hii si mkopo usio na riba unaotuachia reli tuiendeshe. Kampuni ya Kichina itaikarabati, itaiendesha, na itarudisha fedha zake kutokana na shehena. Huenda huu ndio uponyaji tuliousubiri, maana tulipoachiwa wenyewe hatukuitunza. Lakini yatupasa kuuliza mapema: ni vijana wangapi wetu watafundishwa kuiendesha? Je, treni ya abiria ya mkulima wa Mlimba itabaki, au itasukumwa kando na mabehewa ya shaba? Na reli itarudi mikononi mwetu ikiwa katika hali gani?

Mtoto aliyebatizwa katika parokia zetu mwaka 2025 atakuwa na umri wa miaka 30 siku mkataba huo utakapofikia mwisho. Yeye ndiye atakayesema kama mwenyeji alipona. Nawaomba katika jumuiya zetu ndogondogo juma hili tusiishie kumjadili Mchina. Tujiulize pia ni nani miongoni mwetu anayeusoma mkataba, anayekagua hesabu, anayekataa rushwa, anayemtetea kibarua asiye na chama. Mgeni amekwisha kupiga hodi, nasi tumekwisha kumkaribisha. Lililobaki ni kazi ya mwenyeji.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.